Chupa ya Sabuni Isiyokauka

Yaya Feza, dada yangu mpendwa,

Huko uliko hakuna mama mwenye uchungu anayekuita mbio, mkunga wake, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho. Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari. Unanijua, mkono wangu umezoea majina ya vijidudu tu. Nakuandikia kwa ajili ya chupa yako.

Ile ya buluu ya sabuni ya maji, pale maternite, wodi yako ya wazazi, uliyoifunga kwa kamba kwenye bomba kama mbuzi wa mahari. Miaka ya vita Kindu ilipozingirwa, treni haikuja, na chupa ikionekana tupu tu, jioni utaikuta sokoni Kasuku imejaa mawese. Ukatuwekea sheria: sabuni ikifika nusu, ongeza nyingine juu yake.

"Chupa haikauke hapa," ulisema. "Ikikauka, njo tumeisha."

Mimi ndiye niliyeongeza. Ilikuwa kazi pekee uliyoniamini, tangu nilipozimia mbele ya sindano isiyokuwa yangu. Ulinimwagia maji, ukasema, "Mudogo yangu, weye enda labo. Kule damu iko ndani ya chupa, haitakutisha." Wanawake wakacheka katikati ya uchungu. Nikaenda labo kweli, maabara ya hospitali ile ile. Mpaka leo niko, pamoja na kitambi na miwani.

Siku hizi tunaotesha vijidudu kwenye sahani, tunaweka juu yake viduara vya karatasi vyenye dawa, kisha tunaangalia dawa ipi inaua na ipi inakataliwa. Ikaja damu ya mtoto mchanga wa maternite: kijidudu kilikataa dawa zote isipokuwa moja. Nikaandika, nikatia sahihi, nikasema bahati mbaya. Baada ya wiki chache, mwingine. Bahati mbaya tena. Halafu wa tatu. Wote walipona kwa ile dawa moja iliyobaki.

Mdogo wako huyu ni mtu wa kusoma karatasi moja moja, Yaya. Ni siku nilipopanga matokeo yote kwenye kompyuta, mstari chini ya mstari, ndipo nilipoona: watoto watatu, chumba kimoja, na orodha ya dawa zilizokataliwa ni ile ile, kama ndugu wa tumbo moja. Kilikuwa kijidudu kimoja, na kilikuwa na nyumba yake humo ndani.

Nikaitafuta. Nilipitisha pamba kwenye bomba, mizani, vitanda, mikono ya wakunga. Nikamtania Mama Zaina, mkunga mkuu, kuhusu kucha zake. Akanijibu, "Papa Amisi, ile chupa hujapima."

"Ile ya Yaya? Ile njo inatuosha."

Tukacheka. Sikuipima.

Sahani zote zikatoka safi. Wiki hiyo mama mmoja aliyetoka Tunda alijifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu homa. Ile dawa moja ilikuwa imekwisha. Siku ya tano tukampoteza yule mtoto.

Ndipo nikaipima chupa. Orodha ile ile. Kijidudu kiliishi chini, kwenye sabuni ya zamani isiyomwagwa kamwe, nasi tulikuwa tunakiongezea sabuni mpya juu. Kila aliyenawa pale aliondoka nacho, akiamini mikono yake imetakata.

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Kisha nikakumbuka kwamba wewe hukuwa na sabuni. Vita vilikwisha, treni ikarudi kwa kusuasua, sabuni ikarudi, na mimi nikaendelea kuongeza, kwa sababu kuongeza kulikuwa kama kukusalimia. Hapo ndipo panaponiuma.

Niliwaambia wakunga. Mama Zaina akaikata kamba mwenyewe. Orodha ile haijaonekana tena, lakini kila asubuhi nafungua kompyuta kabla hata ya kuvua kofia, na moyo wangu haujatulia.

Kesho yule mama aliyetoka Tunda anakuja kuuliza ni nini kilichomchukua mwanawe. Wapo wanaonishauri niseme ni homa, basi. Nitamwambia ni chupa. Akiuliza ni ya nani, jina lako halitatoka kinywani mwangu. Nitasema ni yangu, na sitakuwa nimedanganya.

Nimeigeuza kinywa chini kwenye dirisha la labo. Imekauka, Yaya, na sisi bado tupo, isipokuwa mmoja.

Mimi mudogo yako wa labo, anayeogopa sindano hadi leo,
Amisi