Gari Lisilo na Nguzo ya Kati

Mume wangu,

Pokea salamu za bibi yako, mwenye magoti yanayolia kama bawaba. Hujambo huko uliko? Unakula ukashiba? Sisi tu wazima. Anayeandika ni dada yako, mjukuu wangu mwenzio. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake poda.

Mwenzio, fundi rangi, bado anafungua gereji peke yake. Tangu mgombane juu ya lile gari kuukuu la milango miwili, hajatafuta mwingine wa kunyoosha bodi. Amekonda. Juzi nilimkuta akigongagonga mlango, kazi yako ile, na alikuwa akiuharibu.

Alinipa kiti. Mbele yetu palikuwa na gari jipya la milango miwili, vioo vya ubavuni vimeungana kutoka mbele hadi nyuma, kama lile lenu. Nikasema hili nalo limekatwa nguzo ya kati ya kubebea paa. Akacheka, akafungua mlango, akaushika mkono wangu nipapase: nguzo ya kati ipo, wameificha nyuma ya kioo cheusi. Nikamuuliza, na ya lile lenu ilifichwa wapi? Akasema lile lilizaliwa hivyo. Walioliunda hawakuliwekea nguzo ya kati. Paa lilibebwa na za mbele na za nyuma, ukishusha vioo ubavu wote unabaki wazi, na huo ndio uliokuwa urembo wake. Alisema wewe ndiye uliyemfundisha hayo.

Mume wangu, nilikosa pa kuuweka uso.

Siku ile mnunuzi alipokuja, wewe ulikuwa umeenda kutafuta mpira wa dirisha, mwenzio yuko nyuma anachanganya rangi. Mimi nilikuwa nimewaletea chakula. Mnunuzi akaniuliza, kwa adabu tu, kama gari ni zima. Nami nimejenga nyumba za miti kwa mikono hii. Najua paa halikai hewani. Nikamwambia, "Baba, hawa watoto wameikata nguzo ya kati. Usiwapakie wanao humo." Nilidhani naokoa roho za watu. Akaondoka bila kuaga.

Ulipomkunja mwenzio shati ukimwita msaliti, ukidhani ndiye aliyemfukuza mnunuzi, nilikuwa nimesimama palepale na sufuria mkononi. Nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho hiyo imekuwa miaka miwili, na kila ukiniuliza kwa simu kwa nini sauti yangu imepoa, nasingizia mafua.

Juzi nilimweleza yote, mbele ya wateja wake. Nilitamani anitukane. Yeye akasema tu, "Bibi, kamwambie yeye. Mimi nilikuwa najua kuwa si mimi."

Basi ndiyo hayo, nimekwambia. Hasira ni haki yako, ila njoo ukasirike hapa, nikikuona. Na ukishuka, usianzie kwangu, anzia gereji.

Dada yako anakusalimu, ameacha kunitazama usoni tangu aandike ile habari ya sufuria. Mwache, nimestahili.

Mkeo mzee,
Bibi

Dole gumba hili hapa chini ni langu mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono.