Adhabu ya Kulinda Lango

Jumatatu, 3 Machi

Milango saba leo. Wa mwisho ni wa mama mmoja aliyejifungia nje. Kanisimamia kichwani muda wote nimepiga magoti: bado tu, fundi? Usinikwaruzie rangi, fundi! Mtu anayesubiri mlango wake hana adabu, nimeshazoea. Magoti ndiyo sijayazoea.

Saa kumi na mbili jioni nikavaa hedifoni, nikaingia kwenye gemu. Humo siitwi fundi. Naitwa Jemedari.

Tulikuwa tunatetea ngome, thelathini na wawili kwa thelathini na wawili. Matope mekundu. Wakaleta gogo la kuvunjia lango. Shoka wa kikosi chetu kakatwa mkono, bado anatukana — yule dada ana mdomo! Mshale kafa mara tatu, mara zote analaumu intaneti. Mimi nikaanguka kwenye ngazi, upanga ukanitoka, jitu la watu limeninyanyulia rungu. Ngao akaingia kati. Ngao hapigi mtu. Anasimama tu na lile libao lake, polepole: "Nyuma yangu, wanangu, nyuma yangu." Sauti ya mzee, yenye kikohozi. Tukashinda. Bila yeye tungekuwa maiti wote wanne.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi tu, uwanja wetu wenyewe, hauna saa wala adui. Mshale kamwacha askari wake amesimama, kaenda kuepua chungu jikoni. Gemu haitaki magoigoi: ukikaa dakika tano bila kusogea wala kuguswa inakutupa nje, na sauti yako inakwenda nayo. Basi tukawa tunampiga mapanga ili asitupwe! Kila pigo linampunguzia uhai kidogo, Shoka anamfunga bandeji, tunampiga tena. Karudi kakuta hana hata kofia ya chuma. Nilicheka mpaka machozi.

Dada yangu akachungulia. Akasema mtu mzima na midevu yangu nacheka na vikaragosi. Tangu aachane na mumewe ahamie kwangu, hana kazi ila kunihesabia ndevu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Sheria ya kikosi ni moja: mambo ya nyumbani hayapiti lango. Jina, mtaa, kazi — hakuna. Niliitunga mwenyewe mwaka juzi, baada ya mchezaji mmoja kumfuata Shoka mpaka kazini kwake. Sababu nzuri. Nyingine ninayo mwenyewe, nayo siisemi.

Leo, kabla hatujaanza, Ngao akasema mlango wake wa mbele unamtesa. Ufunguo unaingia vizuri, kuuzungusha ndiyo shida. Jana amekaa nje nusu saa mpaka kifua kikambana. Akauliza: "Kuna anayejua mambo ya vitasa hapa?"

Nikanyamaza. Mimi! Miaka kumi na tisa ya vitasa. Ningefungua mdomo, wangejua Jemedari ni yule jamaa wa mfuko wa tupa na bisibisi anayepiga magoti vizingitini mwa watu. Kwa hiyo nikafoka. Nikasema amevunja sheria. Adhabu: Jumapili asubuhi, saa nzima, kulinda lango peke yake uwanja wa mazoezi, maiki wazi, bila kuzungumza.

Shoka akasema nimwache mzee, kauliza tu. Nikamjibu sheria ni msumeno.

"Sawa, Jemedari," Ngao akasema. Hakubisha hata kidogo. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Milango minne. Wa tatu ni ugonjwa uleule wa Ngao. Ufunguo unaingia, hauzunguki, mwenyewe anakitukana kitasa. Kitasa hakina kosa! Bawaba zimelegea, mlango umeshuka, ulimi wa kitasa umebanwa kwenye tundu lake. Unashika mkono wa mlango, unauinua mlango mzima juu kwa nguvu, huku unazungusha. Basi. Mtoto anaweza.

Nitamwambia Jumapili akimaliza adhabu yake. Tukiwa wawili, wengine wasisikie. Nitasema nimesoma mahali.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kila ninachosikia. Labda kitasaidia kumpata.

Saa tatu asubuhi Ngao kasimama langoni, ngao juu, anasogea hatua moja huku, moja kule. Sisi tuko ukutani tunamtania, naye hajibu, anaheshimu adhabu. Saa tatu na dakika ishirini ngao ikashuka. Tukasikia kiti. Kisha kishindo. Kisha pumzi — nzito, inakwaruza, kama mtu anayevuta gunia.

Shoka akapiga kelele, Ngao, Ngao! Mshale akadhani ni mzaha. Mimi nikasema adhabu imekwisha, sema neno. Nikasema ni amri. Pumzi tu.

Dakika nne zikapita, hajasogea. Shoka ndiye aliyekumbuka: atatupwa nje! Akitupwa, hatutamsikia tena. Akamkimbilia, akampiga upanga wa bega. Tangu hapo tunampiga kwa zamu. Tunampiga, tunamfunga bandeji, tunampiga.

Nikawapigia polisi simu. Anaitwa nani? Ngao. Jina lake halisi? Sijui. Anakaa wapi? Sijui. Yule askari akaniuliza mimi nimekunywa nini. Nimewaandikia wenye gemu, likaja jibu la mashine: asante, tutakujibu ndani ya siku tatu za kazi.

Nimerudia kurasa zote za nyuma humu nikitafuta mji, mtaa, chochote. Hamna. Kila alipoanza kusema nilimkatiza, na sikuona haja ya kuandika.

Dada kaingia kuuliza nani analia. Nimemweleza. Hakunicheka. Kavuta kigoda, kashika kipanya: "Nionyeshe pa kubonyeza." Sasa anampiga yeye zamu zangu, mimi naandika.

Saa nne kasoro kumi — hodi! Mlango wake unagongwa. Sauti ya mwanamke, kwa mbali: "Babu! Babu, uko ndani? Chai imepoa huku!" Jirani. Sote wanne, dada akiwemo, tumeruka. Tumepiga kelele mpaka koo kukauka, lakini hedifoni ziko masikioni mwa Ngao. Kelele zetu zote zinaishia masikioni mwake.

Mwanamke kachungulia dirishani, kamwona. Kapiga ukelele. Viatu vinakimbia. Sasa ni wengi.

"Ufunguo wa akiba ninao! Unaingia, hauzunguki!"

Inua mlango. Mama, inua mlango juu! Nimesema kwa nguvu mpaka dada kaziba masikio.

"Zungusha kwa koleo."

Usizungushe kwa koleo. Utavunjika.

Umevunjika. Nimeusikia. Mlio huo naujua kama sauti ya mama yangu.

Mwanamume mmoja kauliza kama kuna dirisha lisilo na nondo. Yote yana nondo. Wanapiga mlango mateke, upande wa kitasa, na kila teke linabana ulimi zaidi. Na ufunguo umebaki mle ndani, nusu. Sasa inatakiwa tupa nyembamba na mkono mwepesi. Dakika tano, kwangu mimi.

Shoka kasema, taratibu, hajawahi kusema taratibu: "Jemedari, umejuaje utavunjika?"

Nimewaambia. Kazi yangu, miaka kumi na tisa, yote.

Shoka kauliza: "Na Jumatano ulikuwepo, sivyo?"

Nilikuwepo.

Pumzi za Ngao zimeachana sana. Nahesabu sekunde kati ya moja na nyingine. Saba. Tisa. Nane. Kumi na moja.

Mfuko wangu wa vifaa uko hapa miguuni, nimeuvaa mkanda wake mguuni sijui kwa nini. Simu iko mezani. Miji ni mingi, mafundi ni wengi. Lakini nimeigeuza uso juu, na sauti nimeipandisha mwisho.

Mwanamke kainamia mlango, nasikia mdomo wake uko karibu kabisa na mbao: "Vumilia, babu. Vumilia. Fundi ameshapigiwa, yuko njiani."

Simu yangu haijalia.

Dada anasema dakika ya nne hiyo, mkono wake umechoka, nimpokee. Nampiga