Viatu Mlangoni mwa Kompyuta

Mjukuu wangu Rukia,

Sisi hapa Bondeni hatujambo, alhamdulillahi. Mamako akusalimu sana.

Waniuliza nilithubutuje kumwachia mtu baki tenzi alizoandika marehemu babangu. Ilikuwa miaka ya tisini, nilipozipeleka karatasi zake katika maktaba ya chuo kikuu. Mlangoni mwa chumba cha kompyuta niliona viatu vimepangwa. Nikadhani ndani wanaswali, nikangoja nje. Akatoka binti wa Kitaita, miguu mitupu, akacheka.

“Karibu, mama. Hatuswali. Twazilinda mashine na vumbi, maana ndizo zitakazotunza vitabu.”

Nikavua makubadhi yangu. Karatasi akazipokea kwa mikono miwili.

Karatasi zenyewe, nilizorudishiwa baadaye, zimekwisha kuliwa na mchwa hapa nyumbani. Nawe juzi, huko ng'ambo, umezikuta kwenye kompyuta beti za babangu, ukanisomea kwa simu.

Nyanyako,
Mwanaisha