Honi Kutoka Nyuma ya Kilima

Nyumbani kwa Baba Mkubwa Zephrin,
Windward, Carriacou.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na pokea shikamoo nyingine ya akiba, maana ukifika katikati ya barua hii huenda ile ya kwanza ukanirudishia. Goti linaendeleaje na hizo ngazi za Brooklyn? Na yule bibi kizee unayemuuguza, bado anakuita kwa jina la mbwa wake aliyekufa? Msalimie sana. Mimi mwanao ni mzima. Shingo imeungua jua, viganja vimechubuka hata kalamu inateleza, lakini mzima.

Najua umeshaiona anwani hapo juu. Tafadhali usisimame, na usitafute simu. Yangu nimeizima makusudi, kwa sababu kwenye simu mimi na wewe huwa tunaongea wewe. Barua haikatizwi. Keti, jiwekee chai, soma mpaka mwisho, halafu unitukane kwa mpangilio.

Meli yetu ya mafunzo ilitia nanga Hillsborough asubuhi, bahari imelala kama shuka iliyopigwa pasi. Sisi wanafunzi tukapewa siku moja ya nchi kavu. Kapteni alitupanga kwenye sitaha akasema mashua ya mwisho ya kuturudisha melini itaondoka gatini saa kumi na moja jioni, na atakayeikosa asijisumbue kuifuata meli wala chuo, jina lake litakuwa limeshafutwa. Maneno hayo aliyasema kwa wote lakini macho aliyaweka kwangu. Nikamjibu ndiyo, Kapteni, kwa sauti ya mtoto anayekwenda komunyo ya kwanza. Na nilikuwa nasema kweli, Mama. Sikushuka na hila yoyote. Begi langu lote nililiacha kitandani, na ile sweta uliyonifuma, ambayo hakuna bandari ya joto hili inayoihitaji.

Nilishuka na rafiki yangu Renaldo, kijana wa Kingston, mrefu, ana viatu vyeupe anavyovipenda kuliko ndugu zake. Nilimwahidi atakula mchuzi wa kombe wa Shangazi Bernadine mpaka asahau jina lake. Unanijua, mimi nimeshakuwa mtu wa dunia: nimekula pilipili ya Port of Spain bila kutoa chozi, nimemfundisha Mholanzi wa Curaçao kucheza karata kisha nikamshinda kwa karata zake. Hesabu za nyota zinanishinda kidogo, nakiri, lakini na nyota zenyewe hatuna ugomvi. Basi nikatembea pale Hillsborough kifua mbele, na sare yangu, nikisalimia kama mbunge.

Mbele ya soko ikasimama pikapu, nyuma imebeba kondoo dume. Dereva hakuuliza ninakwenda wapi. Alisema tu, wewe si yule mtoto wa Cuthbert? Panda, Zephrin anashua chombo leo.

Mama, naapa sikujua. Nilitaka kula na kurudi. Nilipanda nikakaa na yule kondoo, akanitazama nami nikamtazama, na kusema kweli hakuna kati yetu aliyejua kwamba harudi.

Sheria yako sikuisahau. Tangu Baba alipotoka na chombo kilichoundwa na mkono wa kaka yake, na bahari ikaturudishia kifuniko cha ngama, tumbo la chombo, peke yake, ulisema hakuna mtu wa damu yako atakayegusa tena mbao za Zephrin. Nimeishika tangu nikiwa mdogo. Nilipokuwa napita Windward nilikuwa natembea upande wa pili wa barabara, kama mtu anayekwepa mbwa. Siku hiyo pia nilimwambia Renaldo tutakula kwa Shangazi, tutaangalia kwa mbali, basi.

Lakini nyumba ya Shangazi iko wapi? Iko hapo hapo ufukweni, na ukiketi barazani kwake unakiangalia chombo usoni. Kilikuwa kimesimama juu ya mchanga, kimeegemezwa kwa magogo kushoto na kulia, mwerezi mweupe mtupu chini ya rangi mbichi, na jina lake nyuma, tezini, limefunikwa kwa kitambaa kama kawaida, hakuna anayeruhusiwa kuliona mpaka kielee. Moshi wa masufuria ulikuwa umetanda pwani nzima. Padri alishanyunyiza maji yake. Jogoo alichinjwa mbele, omoni, na mwenzangu wa safari akachinjwa tezini. Sikuangalia. Ramu ya Jack Iron ilikuwa inazunguka, ile ambayo barafu ikitiwa inazama kwa woga.

Renaldo akaanza kuringa, akauliza chombo kama hicho kimekatiwa bima wapi. Baba Mkubwa Zephrin, hata hakugeuka, akamwambia bima yetu ni yule kondoo, na ameshalipa. Watu wakacheka mpaka Renaldo mwenyewe akacheka.

Sasa unakumbuka wanavyokilaza. Kila gogo la upande wa bahari lina mtu wa ukoo na shoka lake. Fundi anaita, wote wanapiga pigo moja, wanasimama. Anaita tena, wanapiga tena, na chombo kinashuka ubavu polepole kama bibi anayeingia kitandani. Gogo la tatu ni la Baba. Na hili hukuwahi kuniambia, Mama, labda hukulijua: tangu alipopotea hawajamweka mtu pale. Kila wanaposhua, shoka lake linaegemezwa kwenye gogo, na jirani yake anakata mawili, lake na la Baba. Mpini wake bado una ile alama aliyoichoma kwa msumari wa moto.

Nililiona nikiwa barazani na kijiko mkononi. Nikakiweka chini. Renaldo alifikiri nimepaliwa.

Baba Mkubwa hakuniita. Nataka ulijue hilo, usije ukamlaumu mara ya pili. Aliponiona nimesogea alinitazama viatu, sare, mabega, kisha akasema taratibu kwamba shoka lile halimlazimishi mtu, na kwamba yeye ana laana yako moja, laana ya Ismay, inayomtosha, hataki ya pili, nirudi nikamalizie kombe. Hapo ndipo damu ikanipanda. Mimi niambiwe nirudi nikale, kama mgeni aliyekuja kupiga picha! Nikavua shati la sare, nikamtupia Renaldo, nikalishika shoka.

Sasa cheka, nakuruhusu. Baba Mkubwa aliita pigo moja, mimi nikapiga mawili. Akaita la pili, nikapiga matatu. Nilikuwa nimetanua kifua, wasichana wa Windward wanatazama, Renaldo ananipiga picha, na shoka la Baba lilikuwa linauma gogo kama mkate. Gogo langu likavunjika kabla ya mengine yote. Chombo kikalia, Mama, mlio ambao sitausahau, kikajipinda, kikaanguka badala ya kulala, na mkuku, uti wa chombo, ukajichimbia mchangani upande wa omo.

Pwani nzima ikanigeukia, hata watoto. Kisha Shangazi Bernadine akapaza sauti kutoka kwenye masufuria, akauliza hicho chuo kinafundisha kuhesabu mpaka ngapi, maana huyu mtoto hata moja haijui.

Wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Baba Mkubwa alikizunguka chombo chote kwa mikono, anakipapasa ubao kwa ubao kama mganga, na mimi nyuma yake na shoka langu, natamani mchanga unifunike. Hakuna ubao uliopasuka. Aliponyanyuka akaniambia kwamba Cuthbert naye, siku yake ya kwanza kwenye gogo lile, alikata kabla ya kuitwa, na chombo kililala mchangani mpaka kesho yake, na babu alimtukana kwa Kifaransa cha wazee mpaka maneno yakamwishia. Halafu akanipa koleo.

Tukachimba. Tukaweka magogo ya kuviringishia, nanga ikapelekwa mbali baharini, kamba zikapitishwa kwenye makapi, zile roda za kuvutia, na pwani nzima ikashika kamba, wanawake kwa wanaume, wanaimba na kuvuta. Renaldo alivuta mpaka vile viatu vyeupe vikawa rangi ya tope. Chombo kinasogea mkono mmoja, kinagoma. Kinasogea, kinagoma. Na jua halimngojei mtu.

Dereva wa pikapu akapiga honi, akasema wa melini wapande sasa hivi au wasimlaumu. Hapo kila mtu akawa mzazi wangu. Shangazi alinishika mkono, akaniambia niende, wataendelea wenyewe, mama yako ameuza usingizi wake usiku kwa usiku akuweke pale ulipo, usimfanyie hivyo. Baba Mkubwa akasema kisipoingia leo kitaingia kesho, hakitaoza. Renaldo alinivuta kwa suruali. Akaniuliza mimi ni mwendawazimu au ni mpumbavu, nichague moja, gari linaondoka.

Mama, ningeweza kukudanganya kwamba bila mimi kingebaki pale milele. Unajua napenda kujisifu. Lakini hapana, wangekishua bila mimi. Sikubaki kwa sababu walinihitaji. Nilibaki kwa sababu mimi ndiye niliyekiangusha, na mtu akiangusha chombo cha watu hapandi gari akaenda kunywa chai sitahani. Nilimwambia Renaldo amwambie Kapteni kwamba sikulewa, sikupotea, sikulala, na asitafute sababu nyingine ya kuandika. Aandike kwamba nilikuwa na kamba mkononi.

Renaldo alinikumbatia, tope juu ya tope, akanirudishia shati langu. Akasema coo-coo yenu, huo ugali wa mahindi, ni nzuri, lakini ninyi watu wa Windward vichwa vyenu ni vya mwerezi. Akaruka garini.

Tuliposhika tena kamba upepo uligeuka. Nikaisikia honi ya meli kutoka nyuma ya kilima, ndefu, mara ya kwanza. Kila mtu aliisikia, na wimbo ukapungua kidogo, wakanitazama. Nikaanza kuimba mimi. Unajua sauti yangu, ni adhabu. Wakaitika, nadhani kwa huruma. Honi ikalia mara ya pili, na ya tatu sikuisikia, kwa sababu mkuku ulichomoka mchangani kwa kishindo, chombo kikateleza juu ya magogo, na sote tukaanguka majini tukipiga kelele kama vichaa. Kikaelea. Mama, kikaelea wima, kimetulia, hakikuonja hata kikombe cha maji.

Basi sikufukuzwa, usiwaambie watu kanisani nimefukuzwa. Nilibaki. Mwanao si mwanafunzi tena wa chuo chochote. Nilimwomba Baba Mkubwa anifundishe kazi, akasema kwanza nijifunze kuhesabu mpaka moja. Na jambo ambalo nimelizungukia tangu mstari wa kwanza ni hili: milingoti ikisimamishwa, mimi nitatoka na chombo hiki. Nitatoka, Mama. Bahari ileile, mbao za mkono uleule. Najua unachoogopa, na usifikiri mimi siogopi. Nilipolisikia lile gogo likivunjika niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Lakini nimechoka kutembea upande wa pili wa barabara. Sikuombi ruhusa. Kama ni laana, itume, nitaitundika ukutani karibu na shoka.

Ila kuna jambo moja ambalo mimi sikulifanya, wala usinitupie lawama. Kilipoelea, Baba Mkubwa aliingia majini mpaka kifuani akakivuta kitambaa cha tezini. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji nikisoma, na nikadhani chumvi imeniingia machoni. Kimeandikwa ISMAY. Herufi kubwa, nyekundu, hazikunyooka.

Nilimuuliza ni dhihaka gani hiyo. Akasema si dhihaka hata kidogo. Alisema vyombo vingi amevipa majina ya watakatifu, na watakatifu wanasamehe upesi mno, ndiyo maana bahari inawazoea. Safari hii ametaka jina la mtu asiyesamehe, bahari ikiliona ikae mbali. Kisha akageuza uso, akajifanya anakagua kamba, na alikagua kamba ile muda mrefu sana kwa mtu aliyeifunga mwenyewe.

Unajua desturi. Mwenye jina huleta bendera yake mwenyewe, na ndiyo hupandishwa kwanza mlingotini. Bendera za wengine wote ziko tayari, Shangazi amezikunja kabatini. Kamba ya juu kabisa tumeiacha tupu. Shangazi amesema anaweza kukushonea moja. Mimi nimemkatalia. Nimemwambia Ismay hashonewi, atakuja nayo, hata kama atakuja nayo ili anichape.

Barua hii anakuletea Bi Euphemia anayekuja kumwona binti yake, pamoja na chupa ya pilipili na keki nyeusi. Ikifika imepungua muulize yeye. Shangazi anakusalimu na anasema bado una sufuria lake. Baba Mkubwa hakutuma salamu. Alisimama mlangoni nilipokuwa naandika, akauliza kama nimekuuliza hali ya goti, nikamwambia ndiyo, akaondoka.

Jifunike vizuri kwenye baridi hiyo. Ukimaliza kutukana, nitawasha simu Jumapili baada ya misa. Nitakusikiliza wewe tu, sitakatiza. Lakini uniambie na rangi ya bendera.

Ni mimi mwanao, wa gogo la tatu,

Alban Quashie