Povu mbele ya Wakwe wa Djugu

Bunia, Ngezi

Mutoto wangu Néhémie, weye uko kule Kampala,

Mama yako Joséphine iko muzima, ni magoti tu inamuuma. Mimi niko na nguvu, na mu Ngezi yote hakuna mutu anapika bière, pombe ya ngano, kama mimi.

Lakini hii pipa ya chuma ulituma iliniletea aibu! Nafungua robine ya kutolea bière, inatoka povu tupu. Ulisema tiyo yake, ule mupira bière inapitia, isikatwe. Nilikata, ilikuwa murefu bure. Povu ikazidi. Ulisema pipa ikae mu maji ya baridi. Nilianza kupika pombe mbele uzaliwe, sasa unifundishe kuiogesha?

Basi, wakwe wa dada yako Elodie wakafika toka Djugu. Tangu vita ya watu wao na wetu walikuwa hawajakanyaga kwetu. Unajua desturi: mwenye pombe anakunywa wa kwanza, wageni waone haina sumu. Nikainua glasi, ikawa povu, hakuna cha kumeza. Baba mukwe akaangalia koo yangu, akaweka glasi yake chini. Wote wakaweka.

Joséphine akapiga kelele: "Muzee, weye na kichwa yako!" Akatia pipa mu beseni ya maji ya baridi, tukangoja, akapunguza gazi yenye inasukuma bière, akainamisha glasi. Bière ikatoka muzuri. Nikameza yote. Mukwe naye akameza, akaomba ingine. Hakukuwa tena! Yote ilishaisha mu povu.

Wanarudi Noeli, na ndugu zao wote. Tuma tiyo ingine, murefu. Si kwa sababu weye ulisema kweli. Hii mufupi imechoka.

Ni mimi baba yako, fundi,
Anselme