Dakika saba za diski inayogonga

Wonde, nimechoka. Sina nguvu hata ya kula.

Ile diski ya kompyuta yenye video niliyoipiga kwenye harusi ya Selamawit ilianza kugonga ka-ka-ka wiki iliyopita. Nikaizima nikaiwasha mara sita, nikidhani itanyamaza. Fundi Gashaw wa Piassa kaniuliza, "Wewe ni mzima kweli? Kila ukiiwasha unaikwangua!"

Kahangaika nayo siku nne. Harusi nzima imepotea. Kaokoa dakika saba tu.

Sasa sikia. Mama wa bibi harusi alikuwa kakaa palepale dukani, na mtandio wake mweusi wa msiba. Alitaka kitu kimoja tu: baba yake mzazi, babu wa bibi harusi, akiwabariki maharusi. Mzee kafariki mwezi uliopita.

Na ndizo dakika zilizopona!

Gashaw akafungulia sauti yote. Mzee anabariki, anabariki... halafu nani anasikika nyuma ya kamera? Mimi! "Huyu mzee hamalizi? Mchuzi wa kuku, doro wat, unapoa, nina njaa."

Hamalizi, Wonde! Nimesema hamalizi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee kwenye video akanyamaza, akaigeukia kamera. "Nimekusikia, mwanangu. Hata mimi nina njaa. Haya, semeni amina tule."

Yule mama alicheka mpaka akalia. Nikamwambia nitaikata sauti yangu.

"Uikate? Thubutu! Rudisha nyuma."

Tumeirudisha mara kumi na moja. Mara kumi na moja najisikia nikisema hamalizi, na kila mara yule mama anaitikia amina.