Kengele Isiyokuwa kwenye Sinia

Dada yangu mpenzi,

Nimekaa mezani kukujulia hali kwa mkono wangu, wewe, shemeji na wanangu wawili. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimemwachia, na mgongo wako umetulia kidogo. Ukiuliza za huku, mwili ni mzima. Ninakula, ninalala, ninaamka, ninakwenda idara ya maji kugonga mihuri kwenye fomu za watu, kisha ninarudi. Siumwi popote. Hata lile jino nililokuwa nalilalamikia nimeacha kulisikia, ingawa limo palepale na tundu lake.

Utashangaa barua ya nini wakati simu zipo. Kwa simu ungenikatiza, na siku hizi mtu akinikatiza sirudi tena pale nilipoishia, naitikia tu ndiyo, ndiyo, mpaka tuagane. Nimeshakuitikia ndiyo nyingi mno tangu Mama afariki. Safari hii naomba unisome hadi chini.

Jambo lenyewe linamhusu yule mama wa usafi. Unakumbuka baada ya mazishi, ulipokuwa unafunga begi, uliniambia nyumba imenishinda, sakafu inanata, na kwamba nitafute mtu wa kunisaidia hata mara mbili kwa wiki. Niliitikia. Wiki iliyofuata nikamuuliza mfamasia wa hapo chini, naye akanielekeza kwa mama mmoja anayejitegemea, hana kampuni wala msimamizi. Ana ndoo zake mbili, dekio lake, matambara yake na sabuni yake, na anazunguka nyumba za watu wanaomjua. Mfamasia alimsifu mpaka nikadhani ni ndugu yake.

Nilimwita ili nimhoji, kumbe nahojiwa mimi. Aliuliza vyumba vingapi, maji yanatoka siku gani, nani mwingine ana ufunguo, na kama kuna kitu ndani ya nyumba ambacho mkono wa mgeni haupaswi kukigusa. Nikasema hakuna. Kisha akatoa sinia kubwa la bati kwenye mfuko wake, akanieleza utaratibu wake. Chumba chochote atakachoingia, kabla ya kukifuta, atakusanya vitu vyote vidogo vilivyo juu ya meza na rafu, ataviweka kwenye sinia, na ataniita nivitazame. Akimaliza ataniita tena, nivitazame vikiwa bado kwenye sinia, niseme vyote vipo, ndipo avirudishe mahali pake. Alisema mtu aliyejiajiri hana cheti wala bosi wa kumtetea, ana jina lake tu, na jina likichafuka halifuliki. Kwa sababu hiyo wateja wake wote wanamwita Bi Sinia, na mwenyewe anaitika.

Siku ya kwanza alianza na chumba cha Mama. Nilikuwa sijakifungua kwa siku nyingi. Alifungua madirisha, akakusanya miwani, chupa za dawa, kitana, saa ya mkononi, kalamu mbili na redio ndogo, akaniita. Nilisimama mlangoni nikatazama. Akaniuliza kama vyote vipo. Nikasema vyote vipo. Alipomaliza aliniita tena, nikatazama tena, nikasema tena. Hicho ndicho nataka ukiweke akilini: nilitazama mara mbili, na mara mbili nilisema vyote vipo.

Basi akawa anakuja Jumatano na Jumamosi. Sina sifa nyingi za kumpa kwa sababu wakati ule sikuwa naona vizuri. Najua kwamba sakafu iliacha kunata na vioo vikaonyesha nje. Najua alinikuta mara moja nimekaa bafuni na nguo zangu zote, sioshi chochote, silii, nimekaa tu, akaniambia nisogeze miguu apige deki. Nikasogeza. Nadhani nilimpenda siku hiyo, kama mtu aliyekufa ganzi anaweza kupenda.

Halafu ukaja wewe, mwezi wa pili baada ya mazishi. Uliingia chumbani kwa Mama ukatoka umeduwaa, ukauliza kengele iko wapi. Ile kengele ndogo ya shaba, aliyokuwa anapigia darasani miaka yote ya ualimu wake, ambayo sisi tulikuwa tunaitiwa nayo kula, na ambayo mwishoni ilikaa kwenye kistuli karibu na kitanda ili aniite akinihitaji. Uliiona kwa macho yako siku ya mazishi. Ulisema hutaki kitu kingine chochote cha Mama, si nguo, si saa, ila kengele hiyo. Uliniuliza mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka kuulizwa, nikasema labda imehamishwa wakati wa usafi.

Dada, nilisema maneno hayo tu. Sikusema ameiba, sikumtaja mtu. Lakini wewe si mtu wa kuachiwa sentensi ikiwa nusu. Ulisema shaba ina soko, watu wa vyuma chakavu wanapita kila siku, na ukaniuliza nani mwingine anaingia humu ndani. Nikapiga kimya. Ulinitazama kwa huruma ukasema mimi nina moyo laini mno, nimeumia vya kutosha, niachie wewe.

Ulishuka kwa mfamasia. Ulipanda kwa mwalimu wa hisabati, ghorofa ya tatu. Ukavuka barabara kwa yule mzee dereva na mkewe. Wote Bi Sinia alikuwa anawasafishia, na wote uliwaambia wajihadhari naye. Ulifanya kwa uchungu wa Mama, najua, na kwa kunilinda mimi. Ulipopanda gari kurudi kwenu uliniambia nimfukuze, nikakuitikia ndiyo.

Sikumfukuza. Usidhani ni kwa wema. Kumfukuza kungenidai niongee, na mimi sikuwa na maneno. Akaendelea kuja Jumatano na Jumamosi, na kidogo kidogo nikaona anakuja mapema zaidi na kuondoka akiwa amechelewa, kama mtu asiye na pengine pa kwenda. Mfamasia alimwambia amepata binti wa shangazi yake wa kumsaidia. Mwalimu alibadilisha kitasa, hata hakumwambia, alikuta tu ufunguo wake hauingii. Mke wa dereva ndiye aliyekuwa mkweli, alimwambia mlangoni kwamba hawezi kukaa na mtu mwenye mkono mrefu. Hayo yote nilisikia kwenye ngazi, kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nilijua ninammwagia mwenzangu unga wake, na bado nilikwenda kazini, nikagonga mihuri.

Jumatano iliyopita alimaliza sebule, akaniletea sinia nilitazame, akasimama nalo mikononi. Akasema ana neno. Akasema wateja wake wote wamemwacha, hajui alimkosea nani, lakini anataka nijue kwamba mimi hatanisahau. Nyumba iliyofiwa ni yangu, kitu kilichopotea ni changu, na ni mimi peke yangu niliyeendelea kumfungulia mlango. Alinishukuru kwa kumwamini. Alinishukuru, dada, huku ameshika lile sinia kwa mikono miwili.

Nikamwambia pale pale. Nikamwambia kengele haikuibwa. Niliitupa mwenyewe, kesho yake baada ya mazishi, ulipokuwa umeshaondoka. Niliifunga kwenye gazeti, nikaitia kwenye mfuko wa taka, nikasimama dirishani mpaka gari la taka lilipopita. Bi Sinia alikuwa hajaikanyaga nyumba hii. Kengele haikuwahi kuwa kwenye sinia lake hata siku moja.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nilijua tangu siku ya kwanza. Nikasema nilijua. Akaniuliza kama nilisikia wanavyomsema. Nikasema nilisikia. Akaweka sinia mezani, akaenda jikoni, akamalizia kudeki, maana alikuwa amekwisha kuilowesha sakafu na hajawahi kuacha sakafu ya mtu nusu. Aliporudi alikaa kwenye kiti. Hakuwahi kukaa nyumbani kwetu kabla ya siku hiyo.

Nilianza kumwomba radhi akanizuia kwa mkono. Alisema radhi yangu haitamfungulia mlango wowote, yeye anataka maandishi. Alichafuliwa kwa mdomo na hatasafishwa kwa mdomo. Nikachukua karatasi nikaandika mistari miwili, kwamba kengele ilikuwa imeshatoka kabla hajaja, nikatia sahihi. Akaisoma polepole, akatikisa kichwa. Akasema wataiona na watasema yule mnyonge ameshikwa na huruma, anamfunika mwizi wake, kwa sababu mtoto gani hutupa kengele ya mama yake? Akaniuliza niliitupa kwa nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza. Akasema, bila ukali, niandike na hilo, la sivyo karatasi yangu haina kazi.

Ndilo hili naandika.

Nilikwambia Mama alikata roho nimemshika mkono. Ukalisema mbele ya watu makaburini, na watu wakalia. Haikuwa hivyo. Ilikuwa saa nne asubuhi, na nilikuwa nimekaa barazani na kikombe cha chai, cha kwanza tangu alfajiri. Kengele ikalia. Ilikuwa inalia kutwa nzima, dada, wewe hukuwahi kuisikia ikilia hivyo. Ililia kwa maji, ililia kwa mto, ililia ili aniulize leo ni siku gani. Miaka miwili niliinuka kila ilipolia. Siku hiyo nikajiambia acha nimalize kikombe. Ikalia tena, kwa nguvu. Nikasema moyoni, ngoja, Mama, na mimi ni mtu. Ikalia mara ya tatu, kidogo tu, halafu ikanyamaza. Nilishukuru iliponyamaza. Nikajimiminia kikombe cha pili nikakinywa chote.

Nilipoingia, kengele ilikuwa sakafuni na Mama alikuwa ameshaondoka. Mkono wake nilioushika ulikuwa umeanza kupoa. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla. Sikumuuliza kama kungekuwa na la kufanya, maana angeniuliza ulipita muda gani. Tangu saa ile sijasikia kitu, si uchungu, si njaa, wala aibu. Kengele niliitupa kwa sababu kila nilipopita mlangoni niliiona, na niliona itanisema.

Hiyo ndiyo sababu. Yeyote atakayesoma haya ajue kwamba Bi Sinia hakugusa kitu, na kwamba mwenye kosa ni mimi, kwanza kwa Mama, kisha kwake.

Dada, kuanzia hapa ni kwako peke yako. Yaliyo juu niliyanakili mara tatu, neno kwa neno, siku mbili kalamu mkononi. Bi Sinia alipendekeza nikuandikie wewe, kwa kuwa ni wewe uliyewaambia, na mtu hamwongopei dada yake kwa kujipaka matope namna hii. Jumamosi alikuja bila ndoo, akachukua nakala zake, akasoma moja hadi mwisho amesimama. Akanirudishia ufunguo. Alisema hatarudi kufanya kazi hapa, na akanitajia mama mwingine, mtaa wa pili, mwenye mikono misafi, ambaye naweza kumjaribu. Nilitaka kumsindikiza, akasema si lazima.

Kwa hiyo unaposoma haya wewe ni wa mwisho. Mfamasia amesoma, mwalimu amesoma, mzee dereva amesomewa na mkewe. Nisamehe kwa kukuweka nyuma ya watu baki. Mwalimu amekwisha kumwita Bi Sinia aanze Alhamisi. Wengine bado. Nakuomba uwapigie simu, mmoja mmoja, useme ulikosea na aliyekukosesha ni mimi. Wewe hukujua, hutaona haya kama mimi.

Jana nilikutana na mfamasia kwenye ngazi. Kila siku alikuwa akinishika mabega na kuniambia laiti wazazi wote wangepata binti kama mimi. Jana alinipisha ukutani ili nguo zetu zisigusane, akashuka. Niliendelea kupanda hatua mbili tatu, halafu kitu kikanichoma hapa kifuani mpaka nikakaa chini pale pale na mfuko wangu wa sokoni. Iliniuma, dada. Nililia kwa sauti, watu wakipita, nikamwita Mama.

Nisalimie shemeji. Wanangu wabusu, na uwaambie lolote utakaloona linafaa kuhusu shangazi... la, kuhusu mama yao mdogo. Unaona hata ukoo unanipotea. Nami nakutakia afya na usingizi mzuri, hata kama kwa sasa hutaki salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba